Hofu ya kweli na hofu iliyobaki: mwongozo kamili wa tiba ya fikra na tabia kwa watu wa Goma

Goma ni mji ambamo wazo la kutisha linaweza kuwa kweli kabisa. Mtu akikukataza kumlaza mtoto kwenye bonde fulani kwa sababu ya mazuku, yaani gesi ya volkano inayotoka ardhini, mtii: kaboni dioksidi ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hujikusanya mahali pa chini, haina rangi wala harufu, na inaua. Hofu hiyo haihitaji tiba. Lakini yuko mama ambaye, tangu volkano ya Nyiragongo ilipuke jioni ya tarehe 22 Mei 2021, hulala na viatu miguuni. Lori likipita anaruka. Hajakanyaga tena upande wa Buhene kumsalimia dada yake. Usiku ule hofu yake ilikuwa sahihi, na huenda ndiyo iliyomwokoa. Sasa tukio limepita, hofu imebaki. Tiba ya fikra na tabia ni kazi ya kutenganisha hofu hizi mbili na kuishughulikia kila moja kwa njia yake.

Nalisema hili mapema kwa sababu wengi wameambiwa kwamba tiba hii ni kujilazimisha kuwaza mazuri. Sivyo. Kumwambia mtu aliyekimbia Masisi bila kitu mkononi awaze mazuri ni kumdharau. Hapa wazo linachukuliwa kama dai, linadaiwa ushahidi. Likishindwa kuuleta, tunaliweka kando. Likiuleta, tunaacha kubishana nalo na kutafuta la kufanya.

Unaweza kufuata hatua hizi mwenyewe ikiwa wasiwasi au sonona yako bado inakuruhusu kula, kutembea na kuongea na watu. Unaweza pia kuzitumia ukimsaidia mwenzako kanisani, msikitini, shuleni au kwenye eneo la waliohamishwa. Kuna mahali pa kusimama na kumpeleka mtu kwa wataalamu. Sehemu hiyo isomwe na kila mtu, hata atakayeruka mengine.

Ilikotoka na inavyofanya kazi

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari wa magonjwa ya akili Aaron Beck, huko Philadelphia, aliona kwamba wagonjwa wake wa sonona walikuwa na fikra fupi zilizopita haraka kichwani bila wao kuzikagua: sifai kitu, dunia haina nafasi yangu, kesho haitakuwa bora. Hizo tuziite fikra za papo hapo. Kabla yake, tangu mwaka 1955, Albert Ellis alikuwa akifundisha kwamba kati ya tukio na maumivu ya moyo kuna kitu cha tatu, yaani tafsiri tunayolipa tukio. Upande wa tabia, Joseph Wolpe wa Afrika Kusini, aliyewahi kuwatibu askari katika Vita Kuu ya Pili, alionyesha katika kazi aliyoichapisha mwaka 1958 kwamba hofu hupungua mtu akiisogelea kidogo kidogo. Tiba ya leo imeunganisha pande hizo mbili.

Mzunguko wenyewe ni huu. Jambo linatokea, fikra inapita, moyo unaitikia, mwili unafuata, kisha mtu anafanya jambo. Alichofanya ndicho kinachoilisha fikra ile ile kesho yake. Mama asiyekwenda Buhene anapata nafuu leo, na nafuu hiyo inamfundisha kwamba amepona kwa sababu hakwenda. Hapati nafasi ya kujua kwamba angekwenda na kurudi salama. Kukwepa ni chakula cha hofu, na kujifungia ndani ni chakula cha sonona. Ukilishika hili moja, nusu ya tiba umeielewa.

Wapo wanaoamini kwamba mambo haya ni ya Wazungu wenye muda na daktari wa kulipwa. Jibu limetoka hapa hapa Kivu. Mwaka 2013 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanyika vijijini Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini, pamoja na wanawake 405 walionusurika ukatili wa kingono. Baadhi ya vijiji vilipata msaada wa mtu mmoja mmoja. Vingine vilipata aina ya tiba hii iliyobuniwa na Patricia Resick wa Marekani kwa ajili ya kiwewe: kikao kimoja cha faragha na 11 vya kundi. Walioiendesha hawakuwa madaktari. Walikuwa wasaidizi wa kisaikolojia wa humu humu, waliofundishwa na kusimamiwa. Kwa kuwa wanawake wengi hawakujua kusoma, mazoezi yalirahisishwa ili yakaririwe kichwani. Miezi 6 baada ya tiba, waliokuwa bado na dalili nzito za sonona au wasiwasi walikuwa 9% katika vijiji vya tiba, na 42% katika vile vingine. Na hayo yalitokea vita vikiwa havijaisha. Kila nikisikia mtu akisema kwamba kwanza amani, ndipo akili zitatibiwa, nakumbuka namba hizo.

Hatua ya 1: Uliza kama hili ni tatizo au ni tafsiri

Kabla ya kulipima wazo lolote, lipange. "Sina minervali (karo) ya watoto na shule inafunga mlango Jumatatu" ni tatizo. Nenda nalo hatua ya 6. "Mimi ni baba asiyefaa" ni tafsiri. Ipeleke hatua ya 3. Mara nyingi yote mawili yamefungwa pamoja kama kuni za mzigo mmoja, na mtu analia juu ya mzigo mzima. Fungua kamba. Sema kwa sauti: "Kilichotokea ni hiki. Ninachojiambia juu yake ni hiki."

Ukiwa msaidizi, usiruke hatua hii. Ukianza kuipima hofu ya mtu ambaye kweli ametishiwa nyumbani kwake, utakuwa umemfundisha asijiamini wakati anapohitaji kujiamini zaidi.

Hatua ya 2: Vidole vitano

Tafuta kaye ndogo na biki. Asiyeandika atumie mkono wake, na mkono unatosha. Kila moyo ukibadilika ghafla, shika vidole kimoja kimoja:

1. Gumba: nini kimetokea? Mahali, saa, nani alikuwapo. Hapa hapana maoni.
2. Cha pili: ni fikra gani imepita kichwani? Iseme kwa maneno yale yale iliyokuja nayo.
3. Cha kati: moyo umejisikiaje, na kwa nguvu kiasi gani kati ya 0 na 10?
4. Cha nne: mwili umefanya nini? Mapigo, jasho, tumbo, mikono kufa ganzi.
5. Kidogo: nimefanya nini baadaye?

Fanya hivi kwa wiki nzima bila kujaribu kubadilisha chochote. Watu wanakuwa na haraka ya kupona na wanaiona wiki hii kuwa ya bure. Siyo ya bure. Ni hapo mtu anagundua kwamba hofu yake haiji "kila wakati" kama alivyodhani, bali saa kumi na mbili jioni umeme ukikatika, au kila baada ya kusikiliza ujumbe wa sauti katika kundi la WhatsApp la kartié (mtaa).

Kidole cha pili ndicho kigumu. Mtu anasema "nimewaza kwamba nina huzuni", na hiyo ni hisia, mahali pake ni kidole cha kati. Muulize: "Sekunde moja kabla moyo haujashuka, kichwa kilikuwa kinasema nini?" Subiri. Jibu linakuja.

Hatua ya 3: Lidai ushahidi

Chukua wazo moja tu, lenye uzito wa 6 au zaidi. Kwanza angalia limeingia kupitia mtego gani. Mitego inayojirudia sana ni hii: kulifanya dogo kuwa janga, kusoma moyo wa mwenzako ("amenipita bila salamu, ananichukia"), yote au hakuna ("nikishindwa hili nimeshindwa maisha"), na kuigeuza hisia kuwa ushahidi ("nasikia hofu, basi hatari ipo"). Huu wa mwisho ndio unaotutesa zaidi hapa, kwa sababu miili yetu imefundishwa na mambo ya kweli.

Kisha uliza maswali manne. Nini kinaonyesha kwamba ni kweli? Nini kinaonyesha kwamba si kweli, au si kweli yote? Kuna maelezo gani mengine? Na rafiki yangu angeniletea wazo hili, ningemjibu nini?

Tuchukue mama anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kwenye soko la Kituku. Wateja wanampita, na yeye anasema ana mkosi tangu mumewe alipofariki. Msaidizi, aliye mdogo kwake kwa umri, anauliza:

— Mama, jana walinunua wangapi?

— Wachache, mwanangu. Nimerudi na nusu ya beseni.

— Na jirani yako wa meza je?

— Naye alilalamika. Sambaza zilikuwa nyingi, mwezi haukuwako, wavuvi walijaza mitumbwi.

— Kwa hiyo jana mkosi ulikuwa wa nani?

Mama ananyamaza, halafu anacheka kidogo. — Wa soko zima, labda.

Ona ambacho msaidizi hakufanya. Hakusema "mkosi haupo". Hakumpa mawaidha. Aliuliza jambo ambalo mama analijua kuliko yeye, na mama akafika mwenyewe. Wazo jipya halipaswi kuwa tamu, linapaswa kuaminika. "Jana soko lilijaa samaki, bei ikaanguka kwa wote" si wazo la furaha, lakini halimwui mtu. Baada ya hapo uliza tena: uzito wa huzuni sasa ni ngapi? Ukishuka kutoka 8 hadi 5, kazi imefanyika. Usidai 0.

Ikiwa mtu anaamini amerogwa, usishindane naye juu ya uchawi. Uliza imani hiyo inamfanya afanye nini kila siku, na kama kukifanya kunamsaidia au kunambana. Maombi yabaki, kwa wengi wetu ndiyo nguzo iliyobaki imesimama. Ila mchungaji akimwambia mgonjwa aache dawa alizopewa na daktari, hapo ni lazima kukataa, kwa heshima na bila kuyumba.

Hatua ya 4: Kwa sonona, anza na miguu

Aliyelemewa na sonona asianze na kupima fikra. Kichwa chake kitashinda kila hoja. Aanze na kutenda, hata kama hamu haipo, kwa sababu katika sonona hamu huja nyuma ya tendo. Kungoja hamu ndiko kunakomweka mtu kitandani miezi.

Andika vitu ambavyo zamani vilimpa mtu raha, na vile vilivyomfanya ajione ameweza jambo. Orodha iwe ya maisha yake halisi: kwenda kuchota maji ziwani pamoja na jirani badala ya kumtuma mtoto, kusuka nywele za binti, mazoezi ya kwaya, kukaa kwenye mkutano wa likelemba (kikundi cha kuchangishana pesa kwa zamu) hata kama hana neno la kusema, kupika sombe kwa mikono yake. Chagua mawili kwa siku ya kesho na uyape saa. "Kesho nitajitahidi" si mpango. "Kesho saa moja asubuhi nitafagia mlangoni kwangu, nikimaliza nitamsalimia mama wa jirani" ni mpango.

Ikiwa hata hilo ni zito, likate. Kukaa kitandani miguu ikiwa chini. Kunawa uso. Kufungua dirisha. Baada ya kila tendo toa alama mbili kati ya 0 na 10, moja ya raha na moja ya kuweza. Wiki ya kwanza raha itakuwa 1 au 2, na hiyo ni kawaida; ongeza kidogo wiki inayofuata.

Hatua ya 5: Ngazi ya hofu

Hapa ndipo tiba hii inapobadilisha watu kuliko mahali pengine, na ndipo inapoharibika ikifanywa kwa pupa. Sheria ya kwanza: tunasogelea kile kinachotisha lakini si cha hatari. Barabara yenye watu wenye silaha haiwekwi kwenye ngazi. Wala bonde la mazuku. Kabla ya ngazi inayohusu mlima, angalia rangi ya tahadhari inayotolewa na kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma. Ikipanda, ngazi inasubiri.

Hii ni ngazi ya mama tuliyeanza naye, kila kidato na kiwango cha hofu kati ya 0 na 100:

- Kutazama picha ya Nyiragongo kwenye simu mchana: 20
- Kukaa mlangoni jioni akiutazama mlima wenyewe: 35
- Kulala bila viatu, viatu vikiwa kando ya kitanda: 50
- Kufunga mlango kwa ufunguo usiku kama zamani: 60
- Kwenda Buhene mchana na mtoto wake mkubwa na kuona mawe ya lava: 75
- Kwenda peke yake, akae kwa dada yake saa nzima: 90

Kwa kila kidato, kabla ya kuanza, aseme anachotabiri: "Nikivua viatu sitalala hata dakika, na nitachelewa kukimbia." Kisha afanye, abaki hapo hadi hofu ishuke angalau nusu au hadi ajue utabiri umeshindwa. Halafu aseme kilichotokea kweli. Mafunzo yako hapo, katika tofauti ya alichotabiri na alichokiona. Arudie kidato kile kile siku kadhaa mpaka kimchoshe, ndipo apande.

Akishikwa na moyo kwenda mbio, apumue kwa pua akihesabu hadi 4, atoe pumzi polepole akihesabu hadi 6, kwa dakika chache. Lakini pumzi isigeuke hirizi. Akiamini amenusurika kwa sababu tu alihesabu, hofu imepata mahali pengine pa kujificha.

Na ile begi ya kadi za uchaguzi, vyeti vya shule na nguo mbili iliyo karibu na mlango? Ibaki. Goma ilichomwa mwaka 2002, lava ikapita katikati ya mji hadi ziwani. Kuwa na begi tayari ni busara. Kuifungua na kuihesabu mara kumi usiku ndiko kunakoingia kwenye ngazi.

Hatua ya 6: Tatizo la kweli linatatuliwa

Hapa sitakaa sana. Litaje tatizo kwa sentensi moja yenye kiasi na tarehe. Taja njia zote, hata za kijinga, bila kuzihukumu. Chagua moja unayoweza kuianza ndani ya siku mbili. Ifanye, rudi, angalia. Kwa minervali: kumwendea mkuu wa shule kuomba kulipa kwa awamu, kubadilishana zamu ya likelemba na mwenzako, kumwandikia ndugu aliye Bukavu. Lisilo na njia kabisa liache kwa leo, na nguvu uzipeleke kwa lile lenye njia.

Hatia: zoezi la maharage 20

Walionusurika mashambulizi wengi hubeba sentensi moja: "Ningalikataa asiende shamba siku ile." Usiseme "si kosa lako", wameshaambiwa na haikuingia. Weka maharage 20 mezani. Mwombe ayagawe kwa kila aliyehusika na kilichotokea: waliobeba silaha, waliowatuma, waliowauzia risasi, njaa iliyowalazimu kwenda shamba. Yeye mwenyewe awe wa mwisho kupewa. Mara nyingi anapofika kwake yamebaki mawili au moja, au hakuna. Kisha uliza: "Asubuhi ile, kabla hawajaondoka, ulijua nini?" Si anachojua leo. Alichojua asubuhi ile.

Usimlazimishe mtu kusimulia tukio lenyewe kwa undani. Katika zoezi hili hakuna haja, na kusimulia kiwewe kunahitaji mtu aliyefundishwa.

Mahali pa kusimama

Acha mwongozo huu na utafute wataalamu ikiwa mtu anataka kujiua, anasikia sauti wasizosikia wengine, amekaa siku nyingi bila usingizi huku akiwa na nguvu za ajabu, ana degedege, au ni mama aliyejifungua karibuni na hawezi kumtazama mtoto. Muulize wazi kuhusu kujiua. Swali halimpi mtu wazo hilo. Usimwache peke yake, na ondoa nyumbani dawa za kuulia wadudu na vidonge. Goma kuna kituo cha afya ya akili cha Tulizo Letu, Bukavu kuna SOSAME, Lubumbashi kuna kituo cha Joseph Guislain. Aliyebakwa afikishwe hospitali ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi hufanya kazi zikianzwa ndani ya muda huo. Hospitali za HEAL Africa mjini Goma na Panzi huko Bukavu zinapokea wagonjwa hao. Akipita saa hizo bado aende. Dawa za daktari na tiba hii hazipingani, na wengi wanahitaji vyote viwili.

Wiki ngumu itakaporudi

Itarudi: ardhi ikitetemeka, mwezi wa Mei ukifika, risasi zikisikika mbali. Kurudi kwa dalili si ishara kwamba tiba imeshindwa. Andaa mapema karatasi moja yenye mambo manne: dalili zangu za kwanza (kwa mfano, nimeanza tena kulala na viatu), zoezi lililonisaidia zaidi, jina la mtu mmoja nitakayemwambia siku hiyo hiyo, na kidato cha ngazi nitakachoanzia. Asiyeandika amkaririshe mtu wa nyumbani. Dalili ikionekana siku mbili mfululizo, toa karatasi, rudi kwenye vidole vitano kwa siku tatu, kisha panda ngazi kuanzia kidato cha chini, hata kama mwaka jana ulikipita kwa urahisi.